Bakapu ya barua pepe za ofisini inagoma? Anza na Outlook iliyoachwa wazi

Mhasibu alipiga simu ya ndani saa tatu asubuhi. "Kaka, zile barua za msambazaji za 2019 sizioni, na mkaguzi yuko hapa mezani kwangu." Nikamwambia asihangaike, bakapu ipo. Nikaingia kwenye seva, nikafungua folda yenye jina lake, na kweli faili lilikuwepo: archive.pst, tarehe ya jana usiku. Ukubwa wake KB 265.

Aliyezoea mafaili ya Outlook anaijua namba hiyo. KB 265 ni PST, yaani faili ambamo Outlook huweka barua, ikiwa mpya na haina barua hata moja. Wiki kadhaa nyuma mhasibu alikuwa amebadilishiwa kompyuta, Outlook ikajitengenezea archive.pst nyingine tupu, na skripti yangu, ile orodha ya amri inayoendesha bakapu yenyewe, ikaipandisha juu ya ile ya GB 6, kila usiku, bila kunung'unika. Logi zote zilisema kazi imefanikiwa.

Nitarudi kwake. Kwanza nieleze mazingira, maana tiba inategemea mwili. Ninachozungumzia hapa ni ofisi ya kawaida: kompyuta ishirini na kitu, seva moja ya Windows, barua pepe zinazoshushwa kwa POP3 kutoka kwa kampuni inayowahifadhia tovuti, na kila mfanyakazi ana mafaili yake ya PST yaliyojaa barua za miaka. Usiku, kila kompyuta inapeleka PST zake kwenye seva kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, ikiamshwa na Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows. Ukiwa na POP3, barua ikishashushwa, kwenye seva ya kule nje haikai sana. Outlook kuanzia toleo la 2010 kwa kawaida huacha nakala kule kwa siku 14 tu. Baada ya hapo PST iliyo kwenye kompyuta ndiyo barua yenyewe, hakuna nyingine.

"Faili lipo kwenye bakapu, lakini halifunguki kwenye kompyuta nyingine"

Tazama mwisho wa jina lake. Kama ni OST badala ya PST, umekuwa ukibeba kivuli. OST ni nakala ya muda ambayo Outlook hujiwekea ili usome barua bila mtandao pale akaunti inapokuwa ya Exchange au, kuanzia Outlook 2013, ya IMAP. Imefungamanishwa na profaili iliyoitengeneza, na profaili nyingine haiifungui kwa njia ya kawaida. Barua za akaunti hizo ziko kwenye seva yake, na bakapu yake ifanyikie huko.

Kujua mtu ana mafaili gani hasa, usikisie folda. Fungua Control Panel, nenda Mail, kisha Data Files, usome njia moja moja. Matoleo ya zamani yaliziweka PST ndani ya AppData\Local\Microsoft\Outlook, folda ambayo imefichwa. Kuanzia 2010 ziko ndani ya Documents\Outlook Files. Nimekuta kompyuta moja yenye zote mbili, pamoja na PST ya tatu iliyolala Desktop kwa sababu mwenyewe "alitaka aione". Siku hizi kila PST naihamishia C:\BaruaPepe kabla sijaandika mstari mmoja wa skripti. Outlook ikiwa imefungwa unaihamisha, kisha ukiifungua itauliza faili liko wapi, nawe unaielekeza.

"Kazi ilianza saa nne usiku, asubuhi bado inazunguka"

Hili ndilo linalowatesa wengi, na hapa nitakaa kidogo.

Outlook ikiwa wazi, inaishikilia PST. Programu nyingine ikija kuomba kunakili inaambiwa faili linatumika, na kwenye logi utaona ERROR 32. Mfanyakazi amefunga skrini kwa Windows+L, akapanda daladala kwenda nyumbani. Outlook yake iko wazi usiku kucha. Robocopy inafika, inakataliwa, inasubiri, inajaribu tena. Itajaribu mara ngapi? Usipoiambia kitu, itarudia mara 1,000,000, na kati ya jaribio na jaribio itangoja sekunde 30. Zidisha: sekunde milioni 30, yaani siku kama 347. Kwa faili moja. Ndiyo maana ukifika asubuhi unakuta dirisha jeusi linahesabu, na PST nyingine zilizokuwa nyuma yake kwenye foleni hazijaguswa.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuipa robocopy kikomo, ndiyo kazi ya /R:2 na /W:5 hapo chini: irudie mara mbili tu, ikingoja sekunde tano. Ya pili ni kuifunga Outlook kabla ya kunakili. Skripti yangu kwenye kila kompyuta ni fupi:

taskkill /IM outlook.exe
timeout /t 60
robocopy C:\BaruaPepe \\SEVA\bakapu\%USERNAME% *.pst /R:2 /W:5 /Z /NP /LOG+:C:\bakapu\logi.txt

Angalia kwamba taskkill haina /F. Ukiweka /F unaikata Outlook katikati ya sentensi, na PST iliyokatwa hivyo mara nyingi, siku moja itakataa kufunguka. Bila /F, Outlook inaombwa ifunge kistaarabu. Kwa kuwa ni ombi, masharti yake ni mawili. Kazi iendeshwe chini ya jina la mtumiaji mwenyewe aliyeingia, kwa sababu ombi la kufunga halivuki kutoka kikao kimoja cha Windows kwenda kingine. Na kusiwe na barua iliyoandikwa nusu ikaachwa wazi, maana Outlook itauliza kama ihifadhi au itupe, kisha itakaa pale ikingoja jibu mpaka kesho.

Hilo la barua nusu halina dawa ya skripti. Dawa yake ni kuwaambia watu. Nimebandika karatasi karibu na mlango wa kutokea: "Funga Outlook, acha kompyuta ikiwaka." Inafanya kazi kuliko waraka wowote niliowahi kutuma kwa barua pepe.

Mara nyingine mtu anaapa amefunga, na kweli dirisha halipo, ila ERROR 32 bado inatoka. Fungua Task Manager utafute OUTLOOK.EXE. Nyongeza za Outlook, hasa zile za kuoanisha simu au za antivairasi, huishikilia ikiwa nyuma ya pazia. Ziondoe moja moja mpaka umpate mwizi.

Kuna wanaopendelea njia ya picha ya kivuli ya Windows, ile VSS, ambayo inanakili hata faili lililo wazi. Inasaidia, na programu nyingi za bakapu za kununua zinaitumia. Lakini Outlook haina mwandishi wake ndani ya VSS, kwa hiyo hakuna anayeiambia itue kalamu kabla picha haijapigwa. Utakachopata ni PST iliyo katika hali ya kompyuta iliyokatikiwa umeme. Mara nyingi inafunguka. Mimi nimeiacha kwa mkurugenzi peke yake, ambaye hafungi Outlook na hakuna wa kumwambia.

"Task Scheduler inaonyesha 0x1, si ina maana imefeli?"

Hapana. Robocopy ikiwa amri ya mwisho kwenye skripti, namba unayoiona ni yake. 1 maana yake imenakili mafaili na yote yamekwenda salama. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo kuna kilichoshindikana. Namba inayonitia shaka ni 0, ambayo maana yake haikuona cha kunakili. Mtu anapokea barua arobaini kwa siku halafu wiki nzima kompyuta yake inaleta 0? Skripti inaangalia folda ambayo Outlook yake haiitumii tena.

"Nikiiendesha kwa mkono inakubali, usiku inagoma"

Kama lengo umeliandika Z:\bakapu, anza hapo. Herufi ya diski ya mtandao ni mali ya kikao cha mtu aliyeiunganisha. Kazi iliyowekwa iendeshwe hata mtu akiwa hajaingia haiioni hiyo Z. Andika njia kamili, \\SEVA\bakapu.

Kama njia ni kamili na bado, soma namba ya kosa. 53 ni kwamba njia ya mtandao haikupatikana: seva imezimika, swichi imezimika, au kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni. 5 ni ruhusa. 1326 ni jina au nywila, na mara nyingi mtu alibadilisha nywila ya akaunti ya bakapu mwezi huu akasahau kwamba Task Scheduler bado ina ile ya zamani. Na kama logi haina hata mstari wa usiku huo, kompyuta ilikuwa imelala. Zima usingizi kwenye mipangilio ya umeme, na kwenye kazi yenyewe weka alama ya kuiamsha kompyuta.

Umeme ukikatika usiku, kuna kisa kingine kinachofuata siku kadhaa baadaye. Kompyuta za zamani zenye betri ya ubao iliyokufa huamka zikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. PST inaandikwa tarehe hiyo, na ukiwa umeweka /XO kwenye robocopy ili isipandishe faili lililo kuukuu juu ya jipya, itaiona PST ya leo kuwa kuukuu na kuiruka kimya kimya. Betri ile ya duara, CR2032, inauzwa bei ya soda mbili tatu. Nunua paketi.

"Inachukua usiku mzima na haimalizi"

Piga hesabu kwanza. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha kama MB 11 halisi. Kompyuta 20 zenye GB 8 kila moja ni GB 160, karibu saa nne kamili, hata zikitumwa zote kwa pamoja, kwa sababu mlango wa seva ni mmoja. Kwenye gigabiti kazi hiyo hiyo ni chini ya nusu saa, ikiwa diski ya seva inaweza kwenda kasi hiyo.

Unaweza kuwa umenunua swichi ya gigabiti na bado uko kwenye 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, wakati 100 inaridhika na jozi mbili. Uzi mmoja ukikatika ndani ya kichwa cha kebo, au umelegea kwenye tundu la ukutani, mtandao unashuka hadi 100 bila kumwambia mtu. Angalia kasi kwenye hali ya muunganisho wa Windows, kisha badilisha kebo kabla hujalaumu seva.

Na kuna sababu moja ambayo hutaikuta kwenye kitabu cha Microsoft. Ofisi moja niliyoitwa kusaidia, bakapu ilikuwa inagongana na watu kila asubuhi, ERROR 32 tele. Bosi alikuwa ameagiza ianze "saa nne usiku", na kijana wa zamu akaandika 4:00 AM. Inaanza saa kumi alfajiri, saa mbili wafanyakazi wanaingia na kufungua Outlook, nusu ya mafaili hayajafikiwa. Saa nne usiku ni 22:00. Ukikabidhi kazi kwa mtu, mwandikie hivyo.

Sababu nyingine ya uzito ni kwamba PST ni faili moja. Barua moja ikiingia, au Outlook ikiligusa tu kwa kulifungua, tarehe inabadilika na robocopy inalinakili lote, GB zote 8. Ndiyo maana nagawa kwa miaka: 2021.pst, 2022.pst, na kadhalika. Mwaka ukiisha, ile PST naiondoa kwenye orodha ya Outlook kwa kubofya kulia na kuchagua Close. Haifutiki, inaachwa tu kuguswa, na bakapu inairuka mpaka mtu atakapoihitaji. Usijaribu kuifanya ya kusoma tu, Outlook itakataa kuifungua.

"Diski ya nje ina nafasi GB 400 lakini inasema faili ni kubwa mno"

Imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Flashi nyingi za dukani huja hivyo. Hamisha kilichomo, ipange upya kwa NTFS au exFAT. Basi.

"Tuziweke PST kwenye seva moja kwa moja, si ndiyo bakapu tosha?"

Kila mwaka kuna anayelileta wazo hili, na linaonekana la busara mpaka siku ya kwanza mtandao unapopepesa. PST imetengenezwa kwa diski ya ndani ya kompyuta. Outlook huandika vipande vidogo vidogo ndani yake muda wote, na muunganisho ukikatika kipande kikiwa njiani, muundo wa faili unaharibika. Microsoft wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba PST inayofunguliwa kupitia mtandao si mpangilio wanaouunga mkono. Dalili zake ni Outlook kuganda kila ukibofya barua, watu wote kulalamika kwa wakati mmoja, na ujumbe kwamba makosa yamegundulika ndani ya faili.

Ukiwa umeshaingia shimo hilo, zirudishe kwenye kompyuta, kisha tibu zilizoumia. Chombo ni SCANPST.EXE, kinakaa kwenye folda ya Office yenyewe, kwa mfano C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16. Fanya kazi juu ya nakala, kamwe usifanye juu ya faili pekee ulilonalo. Iendeshe, ikikupa makosa iruhusu irekebishe, kisha iendeshe tena. Mara nyingi inahitaji mizunguko miwili mitatu. Barua zilizokosa folda zake zitakusanywa kwenye folda ya Lost and Found. Nyingine hazirudi.

Kabla hujasema PST imeharibika, angalia pia ukubwa. PST za muundo wa zamani, wa Outlook 97 hadi 2002, zinafika ukomo kwenye GB 2 na huharibika zikivuka. Za 2003 na 2007 ukomo wake wa kawaida ni GB 20, na kuanzia 2010 ni GB 50. Outlook iliyofika ukomo huacha kupokea barua, na watu hudhani intaneti imekatika.

"Barua za zamani hazihamii kwenye faili la kumbukumbu"

AutoArchive, ile kazi ya Outlook ya kuhamisha barua za zamani yenyewe, haitazami tarehe barua ilipoingia peke yake, inatazama pia ilipobadilishwa mwisho. Barua za 2018 ulizozihamisha mwezi jana, kwake ni changa. Zihamishe kwa mkono.

"Bakapu ipo, na nayo imefungwa na virusi"

Kirusi kiitwacho WannaCry, cha Mei 2017, kilikuwa na .pst kwenye orodha ya mafaili kinayoyafungia. Kama kompyuta ya mfanyakazi inaweza kuandika kwenye \\SEVA\bakapu, kirusi kilichoiingia nacho kinaweza. Kwa hiyo seva yenyewe, kwa akaunti yake, inanakili folda hiyo kwenye diski ya nje, na diski inachomolewa. Nina mbili, zinapishana kila Jumatatu, na iliyo nje inakaa kwenye kabati la chuma kwa mhasibu. Huko hakuna anayeigusa bila kuulizwa.

Mhasibu huyo huyo wa KB 265. Kilichomwokoa ni uzembe wa stoo: kompyuta yake ya zamani ilikuwa bado haijauzwa wala kufutwa. Nikaitoa diski, nikaiunganisha kwa kebo ya USB, nikaikuta archive.pst ya GB 6 ndani ya Documents\Outlook Files. Kutafuta kwa neno kulikuwa hakujawa tayari, Outlook ilikuwa bado inapanga faharasa, ikabidi tupange kwa jina la mtumaji na kushuka kwa kidole. Mkaguzi aliporudi kutoka kula mchana, barua zilikuwa zimeshachapishwa.

Tangu siku hiyo skripti inapima kwanza. PST inayotaka kupanda ikiwa ndogo kuliko nusu ya iliyopo kwenye seva, haipandi, na mimi napata ujumbe. Na kila Ijumaa nachagua kompyuta moja, nachukua PST yake kutoka kwenye bakapu, naifungua kwenye mashine yangu, natafuta barua ya jana na barua moja ya zamani yenye kiambatisho. Mwenye barua namwomba ruhusa kwanza.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya dada wa mapokezi. Faili lilikuwa zima, ukubwa sawa, tarehe sawa, na likaniomba nywila. "Nywila gani tena?" akaniuliza. Aliiweka miaka minne iliyopita, akaambia Outlook yake iikumbuke, akaisahau. Ilibidi tukae kwenye kompyuta yake, tutengeneze PST mpya isiyo na nywila, tuhamishie humo barua folda kwa folda. Zimebaki kompyuta 19 za kukagua kama nazo zimefungwa hivyo.